Mawe ya Ngassa

Mgodini walimwita Mageni "Pilipili", na hapo walikuwa wanampunguzia. Mwanamke huyu akikunja uso, hata mnyapara mwenye fimbo mkononi alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili wa shimo. Watu waliona ukali tu, wakacheka, wakapita. Hawakuuliza ukali huo umetoka wapi, na wangeuliza, huenda wangepunguza kucheka.

Alizaliwa upande wa Mhunze, nyumbani kwa Ngassa, mtu wa chumvi. Siku hizi chumvi unaipima dukani, unafunga kwenye karatasi, umemaliza. Zamani ilifuatwa kwa miguu. Kila kiangazi wanaume walijifunga, wakaiacha nchi ya watu nyuma yao, wakavuka nyika pana isiyo na mti wa kuegemea mpaka kwenye ziwa la Eyasi, wakakwangua chumvi, wakairudisha mabegani huku ngozi ikichubuka. Kijana aliyekwenda mara moja alihesabiwa mwanaume, akasikilizwa barazani. Ngassa alikwenda hata akawa ndiye anayetangulia msafara, na wenzake wakakanyaga pale alipokanyaga yeye.

Mageni alikuwa bado msichana wa kuchunga ndama msafara uliporudi bila baba yake. Homa ilimkamata njiani wakitoka ziwani. Wenzake wakambeba juu ya mizigo yao, kwa zamu, mpaka akawafia mikononi katikati ya nyika. Wakamzika palepale. Lakini udongo wa kule ni kama majivu, na fisi wa kule hawana adabu, na hakuna jiwe hata la kumtupia ndege. Wakalifunika kaburi kwa miiba waliyoitafuta mbali, wakarudi nyumbani vichwa chini.

Mwaka uliofuata, kabla ya kuondoka, wakapanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Ngassa, kila mtu akachukua jiwe moja jeupe, lile gumu linalong'aa likipigwa na jua. Wakalibeba njia nzima, wakamwekea. Ikawa desturi. Awe ndugu au si ndugu, kijana wa safari ya kwanza au mzee wa safari nyingi, mtu wa chumvi hakutoka Mhunze bila jiwe la Ngassa. Lundo likakua likafika kifuani mwa mtu. Likaonekana kutoka mbali sana, likawa ndilo linalowaambia wasafiri kwamba bado wako njiani. Na kila msafara uliporudi, kabla hata ya kutua mzigo, mmoja wao alipita kwa Mageni kumpa habari, kwa maneno yaleyale kila mwaka: "Baba yako yupo. Anang'aa."

Mageni alikulia kwenye maneno hayo. Mwenyewe hakuwahi kuliona lundo, maana wanawake hawakwenda chumvi. Lakini alilijua kama anavyoujua uso wake.

Kisha Serikali ikachora mstari kwenye karatasi, mwaka 1951, ikasema nyika ile sasa ni mbuga ya Taifa. Taifa gani, hakuna aliyeuliza Mhunze. Nyumbu wakaruhusiwa kupita, pundamilia wakaruhusiwa, fisi wale wasio na adabu wakaruhusiwa. Watu wa chumvi wakarudishwa njiani. Waliokutwa na upinde wa kujilinda na simba waliitwa wezi wa wanyama, wakafungwa. Baba mdogo wa Mageni, mzee Jilala, alikamatwa na kifuko cha chumvi na kisu cha kukatia kamba, akalala jela mpaka mvua zikaja. Alipotoka alikuwa anakohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha mpaka kilipomzika. Hakuna aliyekwenda tena. Hakuna aliyerudi kusema neno lolote kwa Mageni.

Wakati huo alikuwa ameshaolewa na Eustace, mchimbaji, wakahamia kwenye mgodi mmoja mdogo upande wa Geita. Eustace alishuka shimoni. Mageni alikaa juu na wanawake wenzake, kila mmoja na kinu chake cha chuma mbele ya magoti, wakiponda mawe meupe yaliyotoka chini mpaka yawe unga. Unga ule ulioshwa, ukatafutwa dhahabu, na uliobaki ukamwagwa bondeni. Kazi ile inakula vidole na kifua. Bwana mwenye mgodi walimwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni hata akimtukana mtu. Macho yake yalipoona jiwe jeupe popote, hata kwenye uzio wa kanisa, yalibadilika. Safari moja alikwenda mbugani kutazama wanyama, akarudi na lori limejaa mawe, akawamwagia wanawake. Waliyaponda mpaka viganja vikatoka malengelenge, hayakutoa dhahabu hata ya kujaza jicho la sisimizi. Bwana Kiko akatukana, kiko mdomoni. Mageni alikumbuka tu kwamba mawe yale yalikuwa magumu kuliko mengine, na kwamba kipande kimoja kilimrukia na kumchana kidole.

Miezi michache baadaye mtoto wake Marcel akaanza kushikwa na degedege. Eustace, mtu wa misa kila Jumapili, alimpeleka zahanati ya misheni, mtoto akachomwa sindano, akatulia, akashikwa tena. Mageni akajifunga khanga akaenda kimyakimya kwa mfumu, mganga wa kwao Usukuma. Mfumu akachinja kuku, akampasua, akamtazama ndani kwa muda mrefu.

"Mama Marcel," akasema, "huyu si mtoto anayelia. Ni baba yako."

"Baba yangu ana nini?"

"Amevuliwa. Anasema jua linamchoma mchana na usiku anasikia baridi."

Mageni akahamaki. "Amevuliwaje? Baba yangu ana mawe ya Mhunze nzima juu yake!"

"Mimi nakuambia asemacho yeye. Mpelekee jiwe la kwenu na unga wa mtama na maji, umwekee kwa mkono wako. Hana mtoto mwingine."

Mageni akatafsiri maneno hayo kadiri alivyoweza. Akajiambia mzee anaona amesahauliwa, kwa vile watu wa chumvi hawapiti tena. Lakini kwenda kule atakwendaje? Kwa miguu angekamatwa kama mzee Jilala. Mtu mweusi aliingia kule kwa namna moja tu, akiwa amebeba kitu cha Mzungu.

Ndipo Donatus, dereva wa Bwana Kiko, kijana wa Ukerewe mwenye maneno mengi, alipoleta habari kwamba Bwana amepata wageni kutoka Ulaya na anawaandalia safari ya kwenda kutazama simba. Mwanamke wa kuosha vyombo alikuwa hajapatikana, maana kila aliyeulizwa alisema hana mpango wa kuliwa. Mageni aliweka mchi chini, akaenda nyuma ya jiko la Memsahibu, mke wa Bwana Kiko, akasema yeye haogopi simba.

Hapo ndipo alipojua Wazungu wanavyopanga safari. Baba yake alivuka nyika ile kwa kibuyu, unga wa mtama na mkuki. Bwana Kiko alihitaji mahema, vitanda, meza inayokunjwa, viti vinavyokunjwa, bafu la turubai, bunduki na mvinyo, na kila jioni walikunjua ramani barazani wakabishana wapi pa kulala. Mgeni mmoja alitaka tembo. Mwingine alitaka chui, tena akiwa juu ya mti, kana kwamba chui ni mtumishi wa kuitwa na kengele. Mageni alipita na sinia la chai, akasikia Bwana akigonga ramani kwa shina la kiko na kusema watapiga kambi nyikani, palepale pa mara ya kwanza, naye akazunguka meza na sinia mara ya pili ili asikie vizuri.

Memsahibu yeye shida yake ilikuwa sahani. Alikuwa na sahani za kauri za mama yake, nyeupe tupu, na bakuli la supu, na birika, na vikombe vyembamba vya kupitisha mwanga. Bwana Kiko alimwambia porini watu hula kwenye bati. Memsahibu akajibu kwamba yeye hali kwenye bati hata akiwa kaburini. Ikaletwa pamba kutoka kwenye kinu cha pamba, gunia zima, na Mageni akakaa sakafuni siku nzima akiviringisha sahani mojamoja kama mtoto mchanga.

"Pole-pole!" Memsahibu alimsimamia kichwani. "Hii ya mama yangu. Mama yangu nakufa. Wewe najua?"

"Najua, Memsahibu," Mageni akasema.

Alijua kweli, na kwa muda mfupi hata alimwonea huruma. Chini ya unga kwenye fuko lake mwenyewe alikuwa ameficha jiwe jeupe la kilima cha nyuma ya nyumba yao, ambalo alilifuata Mhunze kwa siku zake za mapumziko. Hakumwambia mtu. Eustace angekasirika kwa sababu ya dini, na Bwana Kiko angemcheka, na kati ya mambo hayo mawili hakujua lipi angelistahimili. Alipanga kwamba watakapofika, wageni wakiwa kwenye simba wao, yeye ataangaza macho mpaka aone kitu kinang'aa, atakwenda, atamaliza shida yake na kurudi kuosha masufuria.

Walisafiri kwenye vumbi hata meno yakawa na mchanga. Bwana, Memsahibu na wageni walitangulia kwa Landrova, Donatus akafuata na lori, Mageni juu ya masanduku. Kwenye lango la mbuga askari wa wanyama mwenye kaptula iliyopigwa pasi aliwasimamisha, akawasomea sheria kwa sauti ya padre. Hakuna kuokota kitu. Pembe, unyoya, ua, hata kokoto, kila kitu kibaki kama kilivyokutwa, maana hapa ni mahali pa kuhifadhiwa. Wageni wakaitikia kwa vichwa, wakaona ni maneno mazuri sana. Bwana Kiko naye akaitikia.

Nyika ikafunguka. Nyumbu walikuwa wamejaa mpaka macho yalipokoma. Wageni walisimama ndani ya Landrova wakipiga kelele za furaha na kupiga picha. Mageni naye alisimama juu ya masanduku akiwa ameshika kamba, akitazama juu ya migongo ya wanyama, kulia, kushoto, mbele, akitafuta kitu cheupe. Hakuona. Wakafika kambini, wakakita mahema, Bwana Kiko akawachukua wageni kwenda kutafuta simba kabla ya chakula, na bado hakuona.

Akamwendea Donatus, aliyekuwa amelala chini ya lori na kofia usoni.

"Donatus. Upande huu hakuna lundo la mawe meupe? Kubwa, la kufika hapa?" Akajigusa kifuani.

"Lilikuwapo, Mama Marcel. Si pale?" Donatus akanyoosha kidole bila kuinua kofia. "Bwana alipoliona safari ile nusura acheze ngoma. Akadhani ni watafuta dhahabu wa zamani wameficha mali. Tulilipakia lote, mgongo wangu mpaka leo unauma. Si ndiyo mliyoyaponda ninyi? Yale magumu?"

Akacheka. Kisha akaondoa kofia usoni.

Mageni alikuwa ameshakwenda. Hatua chache nyuma ya hema la wageni palikuwa na duara la udongo mtupu, pamejaa upepo, nyasi hazijapaota vizuri. Akasimama ukingoni. Akatazama mikono yake, na kile kidole chenye kovu. Yeye. Kwa mikono hii. Amekaa na kinu katikati ya magoti, akiimba na wenzake ili kazi iende, akamtwanga baba yake mpaka akawa unga, na unga ukamwagwa bondeni na maji machafu. Mawe ambayo wanaume wa Mhunze waliyabeba kwa miguu mwaka baada ya mwaka. Na mtoto wake aliposhikwa na degedege alidhani mzee amenuna tu kwa kusahauliwa.

Aliona hasira inapanda kutoka miguuni. Hakulia. Kulia kungekuwa kuwapa kitu kingine.

Akapiga magoti, akachanganya unga wa mtama na maji kiganjani, akamwaga mahali alipokadiria ni kichwani. "Baba," akasema kwa Kisukuma, "ni mimi. Sikujua." Akatoa jiwe lake, akaliweka. Likakaa pale, jiwe moja juu ya mtu mzima, dogo kama kifungo. Akageuka huku na huku kutafuta la pili. Nyika nzima haikuwa na jiwe. Palikuwa na nyasi, na nyumbu, na kambi ya Bwana Kiko.

Akainuka akaenda kwenye sanduku la Memsahibu.

Donatus alimkuta ameshafungua pamba na sahani ziko mapajani. "Mama Marcel! Umerukwa na akili? Utafungwa!"

"Nilimjua mtu aliyefungwa kwa kifuko cha chumvi," Mageni akasema. "Mimi nitafungwa kwa kitu cha maana. Ondoka njiani."

"Kwani pale pana nini?"

"Baba yangu. Na wewe ndiye uliyempakia."

Akampita. Alizipanga sahani kwenye udongo kuanzia miguuni kwenda kichwani, moja ikilalia nyingine kama magamba ya samaki, polepole kama alivyofundishwa, hakuvunja hata moja. Juu yake akapanga vikombe, vimeinamishwa. Alipogeuka kufuata bakuli la supu, alimkuta Donatus amesimama nyuma yake, kofia kwapani, bakuli mkono mmoja na birika mkono mwingine. Akayaweka chini, akafanya ishara ya msalaba, akarudi nyuma. Mageni akaweka jiwe lake juu ya vyote, akamwagia unga uliobaki. Jua lilikuwa linashuka, na kauri ikawaka.

Waliiona wakiwa mbali, wageni. Baadaye walisema walidhani ni maji.

Memsahibu aliruka kutoka kwenye Landrova kabla haijasimama. "Sahani yangu! Sahani ya mama yangu!"

"Nini hii?" Bwana Kiko akanguruma, na kwa mara ya kwanza kiko kilimtoka mdomoni, kikaanguka. "Wewe iko wazimu?"

Mageni hakuinuka. Alikaa kando ya baba yake miguu ameinyoosha mbele, kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Huyu ni Ngassa wa Mhunze," akasema. "Alikuwa na mawe yake hapa. Yaliletwa mabegani na watu ambao wewe unawaita wezi. Wewe ukaja kutazama wanyama, ukamvua nguo, ukaniletea mimi, mtoto wake, nimtwange. Ulipata dhahabu? Hukupata. Basi leo amejifunika. Zichukueni, Bwana. Kuchukua mmezoea."

Wageni walitazamana, wakisubiri mtu awatafsirie. Memsahibu alinyoosha mkono kwenye sahani ya mwisho, akaona unga umekauka juu yake kama usaha, akauliza kwa sauti ndogo, "Chini iko mtu?" Mageni akamwambia yuko. Mkono ukarudi. Memsahibu akasema kwa lugha yao kwamba yeye hatakula tena kwenye sahani hizo, akaenda kuketi hemani, na wageni walisema alilia, ila hawakujua analilia mama yake au sahani.

"Donatus!" Bwana Kiko akapiga kelele. "Wewe toa yote hii! Tia gari!"

Donatus aliivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Bwana," akasema, "askari wa langoni amekataza. Kila kitu kibaki kama kilivyokutwa."

Chakula cha jioni kililiwa kwa mikono, kutoka kwenye sufuria. Mageni alifukuzwa kazi usiku huohuo. Donatus hakufukuzwa, kwa vile dereva huwezi kumfukuza ukiwa katikati ya nyika, na waliporudi Geita Bwana Kiko alikuwa hapendi tena kuizungumzia safari ile. Marcel aliacha kushikwa na degedege. Eustace alisema ni sindano ya masista, na Mageni alimwacha aseme, jambo ambalo kwa tabia yake lilikuwa zawadi kubwa. Lakini kinu cha chuma hakukigusa tena. Alilima mihogo na karanga, aliuza sokoni, na akiona lori la mawe linapita alisimama katikati ya njia mpaka dereva ashuke aeleze yametoka wapi. Madereva walimwogopa na kumtukana. Hakujali.

Kiangazi kilichofuata Donatus alipeleka wageni wengine mbugani. Siku aliporudi alipitia shambani kwa Mageni na vumbi lake lote, hata uso hajanawa, akamkuta anapalilia.

"Shikamoo, Mama Marcel. Baba yako yupo," akasema. "Anang'aa."

Mageni hakuacha kupalilia. Alifika mwisho wa tuta, akang'oa jani, akalitupa, kisha akaegemea jembe na kumtazama kwa yale macho yaliyowakimbiza wanyapara.

"Ulimpelekea jiwe, au ulikwenda mikono mitupu?"

"Nililificha chini ya kiti," Donatus akasema. "Langoni hawakuliona."